Bilauri ya Nne

Lachlan alinusa bilauri ya nne, akaiweka mezani, akainusa tena. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya katika chumba kile cha kuonjea wiski: badala ya kutema, alimeza yote.

"Tisini na sita," alisema.

Torquil, mtunza ghala, ndiye aliyeandaa bilauri na ndiye aliyekuwa akiandika alama. Kalamu yake ilisita kidogo, halafu akaandika. Lachlan alikuwa mchoyo wa alama, kisiwa kizima kilijua. Asubuhi ileile wiski ya miaka kumi aliipa themanini, eti bado inang'ata ulimi. Ya kumi na minane, themanini na saba. Ya ishirini na mitano aliibeza kabisa, akasema mbao za pipa zimeinyonya mpaka imechoka, akaipa sabini na tisa.

"Na hii ina miaka mingapi?" Torquil aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ishirini na tisa. Na unajua vizuri, mwizi mkubwa we!"

"Lachie, ngoja kwanza..."

"Ningoje nini? Moshi, chumvi, halafu sufu ya kondoo aliyenyeshewa! Hii ni ya wiki ya dhoruba, bahari ilipolowesha tope kavu tunalochoma ili moshi wake ukaushe shayiri. Meneja aliimwaga yote. Duniani lilibaki pipa moja tu, Torquil, na ni la binti yangu Ishbel!"

Pale kiwandani, mtu akipata mtoto wa kwanza alijaza pipa moja kwa mkono wake mwenyewe. Aliandika juu yake tarehe, jina la mtoto, na chini yake jina la baba. Pipa halikuguswa mpaka siku ya harusi ya mtoto huyo. Asiye na mtoto hakuwa na pipa, na Torquil hakuwahi hata kuoa.

Na harusi ya Ishbel ilikuwa kesho.

"Wewe ndiye baba yake wa ubatizo," Lachlan alisema. "Ukaona umtobolee pipa lake, unywe?"

"Sijagusa pipa lako. Naapa."

"Basi hii imetoka wapi?"

Torquil aliitazama bilauri tupu. "Nilitaka tu kusikia ungeipa ngapi. Mara moja tu, kabla sijastaafu."

Hapo ndipo roho ilipomuuma Lachlan kwelikweli. Angeibiwa na mgeni, angetukana yakaisha. Lakini Torquil! Walikaa dawati moja tangu wakiwa wadogo. Lachlan alipokwenda Hispania kununua mapipa, akakwama huko majira yote ya baridi, ni Torquil aliyempasulia Peigi, mke wa Lachlan, kuni na kumpelekea samaki. Ishbel alipozaliwa mwaka uleule, wiki kadhaa kabla ya siku zake, baada ya baba ni Torquil aliyempakata. Mtu wa namna hiyo ndiye anayekunyonya kimyakimya kama kupe!

Alimpokonya funguo, akateremka ghalani. Kwa kawaida hakuwa mtu wa huko chini. Ghala lilikuwa himaya ya Torquil. Torquil alimfuata nyuma.

Pipa la Ishbel lilikuwa mahali pake, mwisho wa safu. Lachlan alipiga magoti, akapapasa kizibo. Nta ilikuwa nzima, na alama ya kidole gumba chake mwenyewe ilikuwa bado juu yake. Aliligonga kwa nyundo ya mbao toka chini hadi juu, likaitika zito, zito, zito. Halikuwa limepungua ila kile kinachojiendea hewani chenyewe.

Aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Nisamehe, ndugu yangu," alisema akiwa bado amepiga magoti. "Nimekuita mwizi. Kesho utakaa meza moja na mimi na Peigi, na pipa hili utalifungua wewe."

"Yameisha, Lachie. Twende tukale."

Lachlan alijishika ukutani ainuke. Mkono wake ukagusa gunia, na gunia lilikuwa limelowa. Akanusa vidole. Moshi, chumvi, sufu.

"Acha hilo," Torquil alisema. "Lachie, nakuomba, acha!"

Gunia likaanguka. Nyuma yake palikuwa na pipa dogo, kizibo chake kimefunguliwa karibuni. Kwa rangi nyeupe iliyofifia, tarehe ilikuwa ileile na jina la mtoto lilikuwa Ishbel. Na mahali pa baba, kwa mwandiko uleule ulioandika tisini na sita, palikuwa na jina la Torquil.