Maikrofoni ya Mzee

Waya wa maikrofoni ile ulishuka vizuri kwenye stendi, ukapita chini ya zulia, ukaishia huko huko chini ya zulia. Haukuchomekwa popote.

"Una uhakika, Dada?" fundi mitambo aliuliza kwa sauti ya chini.

"Fanya tu," alijibu kiongozi wa bendi bila kumtazama.

Maikrofoni hiyo ilikuwa ya baba yake.

Bendi yenyewe ilikuwa ya mzee huyo kabla haijawa ya binti yake. Ndiye aliyewakusanya wapulizaji, akawanoa kwa muziki wa soul na fanki mpaka ikawa wakianza tu, hakuna anayebaki kitini. Ndiye aliyemshikisha binti yake saksofoni wakati vidole vyake havijafikia hata vibonye vya chini. Kitu kimoja tu hakuwahi kukipata: albamu. Sasa studio ilikuwa imepatikana, nyimbo zilikuwa tayari, na mzee alikuwa na meno ya bandia.

Tangu ayavae, tarumbeta yake ilikuwa inakwaruza. Sauti za juu zilipasuka, za chini zikatoka upepo mtupu. Mazoezini wenzake walitazamana, kisha kila mmoja akatazama viatu vyake. Hakuna aliyethubutu kumwambia, na binti yake alikuwa mwoga kuliko wote. Akaona heri apange hivi: mzee apulize na wenzake kama kawaida, halafu kesho yake aje mpigaji wa kukodi, arekodi sehemu yake kimyakimya.

"Lakini sauti haina adabu," fundi mitambo alimwonya. "Chumba ni kimoja. Mzee akipuliza, ataingia kwenye maikrofoni za wengine, na hapo sina namna ya kumtoa."

"Mweke pembeni. Mzungushie zile mbao za sponji."

Wakamzungushia. Mzee alipofika na kukuta kile kijumba chake, alisimama akakiangalia. Alivaa spika za masikioni, akaigonga maikrofoni kwa ukucha, akasikiliza, akaigonga tena.

"Leo mmenijengea na nyumba kabisa," alisema.

Wote wakacheka, tena kuliko mzaha wenyewe ulivyostahili. Binti alihisi uso unamuwaka.

Wakaanza kurekodi. Kutoka pale aliposimama, aliona viwiko vya baba yake vikichezacheza, mashavu yametuna, jasho linamchuruzika. Baada ya hapo hakuangalia tena upande ule. Kila wimbo ulipoisha, mzee alimwinulia dole gumba juu ya mbao, naye akamrudishia la kwake huku akitamani ardhi immeze.

Walipomaliza, mpiga tromboni, ambaye kwa jinsi alivyokuwa akiivuta ala yake walimwita Mkonga, alichukua tambara akaanza kupangusa maji yaliyodondoka kutoka kwenye ala zao.

"Hebu oneni! Sisi tumelowesha sakafu kama mvua imepita humu, kwa Mzee pakavu kabisa. Wakubwa hawapotezi hata mate!"

"Basi jifunzeni," mzee alisema, akifunga kasha la tarumbeta.

Baadaye, kwenye chumba cha mitambo, fundi alisikiliza maikrofoni moja baada ya nyingine. Akatikisa kichwa.

"Sijawahi kuona. Hata chembe yake haikuvuja. Kumbe hizi sponji nilikuwa nazidharau bure."

Binti alishusha pumzi, kisha akajichukia kwa kuishusha.

Albamu ilipokamilika, waliisikiliza kwa mara ya kwanza sebuleni kwa mzee, Jumapili mchana. Bendi nzima ilibanana kwenye makochi, na shangazi akapewa kiti cha karibu na spika. Ngoma zikaanza, besi ikafuata, kisha ala za kupuliza zikaingia zote kwa pamoja, na shangazi akapiga vigelegele. Ikaja zamu ya tarumbeta. Ikapanda, ikazidi kupanda, safi, bila mkwaruzo hata mmoja.

"Kaka! Kumbe bado umo!" shangazi alipaza sauti.

Mkonga akaanza kutafuta kitu kwenye mfuko wa shati ambao haukuwa na kitu. Mzee alikuwa amefumba macho, kichwa kimeinama.

"Tarumbeta imekaa vizuri," alisema.

Binti hakuweza kuvumilia tena. Alinyanyuka akaenda jikoni, akafungulia maji, akaanza kuosha glasi iliyokuwa safi. Muda si muda akasikia nyayo za baba yake nyuma yake.

"Watu wanakuulizia huko. Mwenye albamu ndiye anayeosha vyombo?"

"Baba." Hakugeuka. "Ile tarumbeta si yako. Maikrofoni yako haikuunganishwa, na mimi ndiye niliyeagiza. Nilishindwa kukwambia usoni, nikaona nikudanganye. Nimekuacha unapuliza siku nzima bure, unatoka jasho mbele ya watu ambao wote wanajua. Naona aibu hata kukutazama."

Mzee alifunga bomba. Akaichukua ile glasi mkononi mwake, akaifuta taratibu, akaiweka kabatini.

"Na nani kakwambia nilipuliza, mama?" alisema. "Chumba chenyewe kidogo vile, ningekuharibia saksofoni yako."