Mstari wa Tatu

Sheria ya mji wetu mdogo wa Uingereza ni fupi: nyumba iliyoingiwa na mto mara tatu hukabidhiwa kwa mto. Wenyewe huhama, milango hung'olewa, maji yakapewa njia. Kila mafuriko huchongwa ukutani, mstari na mwaka, na ukuta ndio ushahidi pekee.

Baa ya baba, Mzee Kaijage, ilikuwa na mistari miwili. Wa tatu niliuchonga mimi nilipofunga shule, usawa wa kidevu, ili niwatishe wateja wafupi. Mwaka niliubahatisha. Kwa heshima ya kazi nikaupaka na matope.

Mkaguzi wa kuta alikuja mapema kuliko nilivyotarajia. "Na huu wa 2061?"

Baba aliupapasa. "Siukumbuki. Lakini mwaka huo nilimzika mama wa huyu, hata kutambaa alikuwa hajaanza. Huenda mto uliingia nisiuone."

"Baba, nimeuchonga mimi. Kwa bisibisi yako."

Mkaguzi alishusha kalamu. Baba akanitazama, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Asante, mwanangu," alisema. "Hata leo unataka nicheke."

Akatia saini hati ya kuikabidhi baa kwa mto.