Jani la Kabichi Ndani ya Tangi la Samaki

Wewe mgeni uliwaona konokono wale, ukageuza uso. Kila mgeni wa Bi Sikitu aliwaona wakitambaa kwenye kioo cha tangi la samaki. Akawatupia samaki kipande cha mkate, kama ilivyo desturi ya nyumba hiyo, kisha akaketi kunywa chai.

"Shemeji, tangi hili leo linatoka," alisema Kombo, mdogo wa marehemu mume wa Bi Sikitu. "Kaka aliacha samaki, wewe umefuga konokono. Hapa naweka televisheni yangu."

"Hebu tulia kwanza, shemeji."

Bi Sikitu alikuwa amegundua kwamba makombo yaliyozama ndiyo yaliyowanenepesha konokono. Wiki nzima aliwakataza wageni kutupa mkate, wakamwita mchoyo. Kila jioni alizamisha jani la kabichi lililochemshwa, na kila asubuhi alilitoa limejaa konokono. Leo alilitoa mbele ya Kombo. Lilikuwa na mmoja tu, mdogo kama punje ya mtama. Akamtupia kuku konokono huyo kupitia dirishani.

Kombo aliinama, akachungulia kila pembe ya kioo. Hakumpata wa pili.

"Televisheni yako kaiweke kwako!" Bi Sikitu alicheka mpaka majirani wakajaa mlangoni. Samaki mwekundu alikuwa akigeuka taratibu katika maji maangavu.

Na wewe, usisimame hapo kutazama. Nenda kwenu sasa hivi, ukawanyime chakula wanaokutambalia.