Bandari Iliyofagiliwa

Meli ya watalii ilikuwa imetia nanga mjini Kindu, ndefu kuliko soko zima la bandarini. Émilienne aliitazama kutoka nyuma ya uzio, beseni lake la samaki wa moshi likiwa kichwani. Asubuhi walinzi waliwafukuza wachuuzi wote, ili wageni wakute bandari safi. Mara ya mwisho kuiona tupu namna hii ilikuwa wakati wa vita, na miguu yake ilitaka kukimbia. Hata hivyo macho hayakushiba kutazama vioo vile vya meli vinavyong'aa juu ya mto Lualaba.

Mlinzi yuleyule aliyemfukuza akamjia mbio.

"Mama, rudia ku nafasi yako. Wageni wanauliza soko iko wapi."

"Asubui ulituita buchafu. Sasa tuko nini?"

Mlinzi alivitazama viatu vyake. "Uzisha tu, mama."

Émilienne akapita uzio, akalitua beseni mahali pake. Bibi mmoja wa Kizungu akasogea, akanusa samaki, akafumba macho kama mtu aliyekumbuka kwao. Émilienne hakujua acheke au ammwagie mlinzi beseni zima. Alipoutazama mkono wake, ulikuwa tayari unachagua samaki aliyenona.