Rangi Kumi na Sita

Disketi iliingia, mashine ikakoroma, na Abdiwali akaomba kimoyomoyo iwe imeharibika.

Haikuwa. Siku unayotaka kitu kigome ndiyo siku kinapofanya kazi.

Nyuma yake, kwenye benchi la ofisi ya kutafuta watoto waliopotezana na wazazi wao, Timiro alikuwa ametulia, shungi lake limejaa vumbi la barabara ya kutoka kambi ya Dadaab. Alikuwa ameshakuja Garissa mara nyingi kumtafuta bintiye. Kila mara Abdiwali alimwonyesha picha kwenye kompyuta, na kila mara nyuso zilikuwa madoa ya kijani na zambarau, kama nguo zilizochujiana rangi kwenye beseni. Albamu ya picha halisi ilioza katika mafuriko ya El Niño. Zilibaki hizo za kwenye mashine tu.

"Kompyuta ni kuukuu," alikuwa akimwambia. "Tunangoja fundi kutoka Nairobi."

Uongo mtupu. Fundi alikuwa yeye. Siku ya kwanza Timiro alipoeleza alivyompoteza mtoto kwenye msongamano wa Liboi, mpakani, wakikimbia vita, Abdiwali alijua mara moja ni nani anayetafutwa. Mama wa watu alipotoka kwenda kuswali, Abdiwali akaifuta draiva, ile programu inayoielekeza kompyuta namna ya kuchora picha, akaweka ya kawaida yenye rangi kumi na sita tu, inayovuruga nyuso. Disketi ya draiva halisi akaifungia kwenye droo.

Maana mtoto huyo alikuwa nyumbani kwake. Ofisi ilimpa mtoto huyo, Iftin, amlee kwa muda, jamaa zake wakitafutwa. Muda ukawa miaka. Mkewe Saado, ambaye hakujaliwa kuzaa, alimbeba mgongoni mpaka akaanza shule. Sasa Iftin alimwita Saado hooyo, mama, na Abdiwali aabo, baba, na nani angekuwa na moyo wa kumrudisha?

Lakini Timiro alikuwa na tabia iliyomkondesha Abdiwali. Akiondoka, alimwita walaal, ndugu, akamwombea: "Mungu akulindie wanao, walaal." Laiti angemtukana. Aibu ilimla hata chakula kikawa hakipiti, na leo alipomwona tena mlangoni, akafungua droo, akaitoa disketi.

"Umechelewa leo," alimwambia, apate la kusema.

"Nilipitia njia ya shule. Watoto walikuwa wanacheza nje, nikaongea nao." Timiro alimtazama usoni. "Wale mliowapa watu wa mjini, wanasoma?"

"Wanasoma."

"Wanakula vizuri?"

"Wanakula."

"Sisi kambini mgao umepunguzwa tena."

Kompyuta ilimletea orodha yake ya draiva. Akaikataa, akaiambia isome disketi. Akachagua jina la kadi ya picha kwa mkono, maana mashine hiyo haikuwa na akili ya kuitambua yenyewe. Ikanakili, ikataka izimwe na kuwashwa upya. Skrini ikawa nyeusi tii. Akatumaini tena, mnafiki mkubwa, kwamba amekosea kadi.

Ikawaka. Akapandisha idadi ya rangi, akafungua picha iliyopigwa siku Iftin alipoletwa. Mtoto wa miaka miwili, macho makubwa, machozi bado mashavuni, rangi zote mahali pake. Mama mzazi hawezi kukosa kumjua.

Timiro alisogea, akaweka kidole kwenye kioo. Alikaa hivyo muda mrefu. Abdiwali alikuwa akitafuta maneno ya kumwambia Saado jioni, na hakupata hata moja la kufaa.

"Siye," alisema Timiro.

"Tazama vizuri, walaal."

"Nimetazama. Siye. Sitakusumbua tena."

Abdiwali alishusha pumzi, na papo hapo akajichukia kwa kuishusha. Hiyo ilikuwa furaha ya mwizi aliyeponea chupuchupu, naye alijua.

Timiro alijitanda shungi vizuri, akaenda mpaka mlangoni. Hapo akasimama, bila kugeuka.

"Baba yake ni Ridwan," alisema. "Ridwan wa Fathi, wa Hashi, wa Warfa. Mfundishe majina hayo ya ukoo ayajue kwa moyo, asije siku moja akaolewa na ndugu yake."