Madumu Kumi na Manane

Niliyahesabu tena madumu ya maji, ya lita nne nne, yaliyopangwa kwenye sakafu ya jikoni. Yalikuwa kumi na manane.

Kwetu Utah kila mtoto anaijua kanuni ya jangwani: dumu moja, mtu mmoja, siku moja. Safari yetu ya Julai ilikuwa ya siku sita na wasafiri tulikuwa wawili, mimi na mama. Kumi na mawili yangetosha.

Mama, mwenye miaka sabini na sita, alikuwa ameinamia ramani ya karatasi, penseli sikioni. Simu hakuitaka. Alijua mbuga ipi ina bomba la maji, ipi haina, na mlima upi tupige hema tupate ubaridi. Kidole chake kilichopinda kiliifuata barabara ya Bonde la Mauti bila kusita, hata pale mikunjo ilipoifuta.

Nilimwonea fahari. Ndiyo maana yale madumu sita ya ziada yaliniuma.

"Mama," nilisema taratibu, "umemhesabu na baba."

"Babako Orrin nilimzika mwenyewe, nitasahauje?" Alicheka. "We mtoto, unadhani nimechanganyikiwa? Hayo sita ni ya yule mjinga tutakayemkuta amekaa kando ya gari lililochemsha, mkononi ana chupa moja ya soda."

"Na tusipomkuta?"

Mama akaikunja ramani.

"Huwa yupo tu. Babako nilimkuta hivyo hivyo."