Uzi wa Katani

Profesa Raya alikuwa keshashika mkasi, akate uzi wa katani uliofunga nakala za kitabu chake kipya kabla wageni wa uzinduzi hawajafika. Kitabu kizima kilisimama juu ya ahadi moja: lugha ya programu aliyoitunga kwa ajili ya kompyuta za kwantamu itakataa programu yoyote inayojaribu kunakili data ya kwantamu, ambayo kwa sheria za fizikia hainakiliki.

“Hebu niione ikikataa,” dada yake Riziki akamtania, huku akipanga sambusa. “Au ni maneno ya vitabuni tu?”

Raya akacheka, akaandika programu yenye kosa hilo makusudi. Kompyuta ikajibu: Imekubaliwa.

Akaandika upya, polepole. Imekubaliwa.

Akaifunga kompyuta.

“Vipi, mdogo wangu? Imekataa?”

Mlango ukagongwa. Raya akauweka mkasi chini, akaanza kuukaza ule uzi, fundo juu ya fundo.